Hidrojeni: gesi inayoua karibu na mbabula ndiyo inayozima pia magari ya kesho

Baridi inapoingia Lubumbashi, mwezi wa sita na wa saba, wazazi hurudia onyo lile lile: usilale na mbabula ya makala ndani ya chumba kilichofungwa. Makala yasiyopata hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mwilini, hushika damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anasinzia, na pengine haamki tena.

Gesi hiyo hiyo inawasumbua wahandisi wanaotengeneza magari na mitambo ya umeme ya hidrojeni. Huko haishiki damu, inashika platini. Lakini matokeo yanafanana: kitu kinachotegemea pumzi kinakosa pumzi.

Platini inavyozibwa

Ndani ya seli ya hidrojeni, hidrojeni huingia upande mmoja na hewa upande mwingine. Katikati kuna utando mwembamba. Kwenye vipunje vidogo sana vya platini, hidrojeni hugawanyika. Elektroni zake hupita kwenye waya na kuwa umeme, na mwishoni kinachotoka ni maji. Hakuna moshi.

Platini hapo ni kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha kazi bila chenyewe kuliwa. Ifikirie kama benchi la kungojea zamu. Hidrojeni inakaa kidogo, inamaliza shughuli yake, inaondoka. Monoksidi ya kaboni ikikaa, hainyanyuki. Benchi linajaa na hidrojeni inakosa mahali.

Seli za magari hufanya kazi kwenye joto la digrii 80 hivi. Katika joto hilo, chembe 10 tu za monoksidi katika kila milioni moja zinatosha kushusha umeme. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha hidrojeni ya magari kinaruhusu chembe moja tu katika milioni tano.

Habari njema ni kwamba sumu hii haiui platini moja kwa moja. Seli ikipewa hidrojeni safi, hupata nguvu tena polepole. Lakini dereva aliye njiani hawezi kungojea, na platini ni ghali mno kusema iongezwe tu.

Sumu inatoka wapi?

Hidrojeni nyingi inayotumika duniani leo inatoka kwenye gesi asilia na makaa ya mawe. Methani huchanganywa na mvuke wa maji kwenye joto la digrii 700 hadi 1,000. Hidrojeni inatoka, lakini inafuatana na monoksidi nyingi, karibu sehemu moja ya kumi.

Usafishaji hufanyika kwa hatua. Kwanza mchanganyiko huo hupitishwa tena pamoja na mvuke juu ya vichocheo, kimojawapo kikiwa cha shaba na zinki. Monoksidi inageuka kuwa dioksidi ya kaboni, na hidrojeni inaongezeka. Hata hivyo hubaki karibu asilimia moja, ambayo ni mara elfu kuliko seli inavyoweza kuvumilia.

Viwanda vikubwa humalizia kwa kusukuma gesi hiyo ndani ya matangi yenye vitu vinavyonasa uchafu na kuacha hidrojeni ipite. Mitambo midogo hutumia njia nyingine: inaingiza hewa kidogo ili kuchoma monoksidi peke yake. Hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu hidrojeni nayo inawaka. Ni kama kuokota mawe madogo kwenye mchele bila kumwaga mchele. Nchini Japani, mitambo ya nyumbani iitwayo Ene-Farm, iliyoanza kuuzwa mwaka 2009, hujisafishia gesi ya mjini kwa namna hii kabla ya kutoa umeme na maji ya moto.

Mwaka 2019, watafiti wa China walieleza katika jarida la Nature kichocheo kipya: vipunje vya platini vilivyopambwa kwa chembe mojamoja za chuma. Kiliweza kuondoa monoksidi yote kutoka kwenye hidrojeni kuanzia digrii 75 chini ya sifuri hadi digrii 107. Jambo hilo ni muhimu, kwani gari likiwashwa kwenye baridi kali ndipo vichocheo vya kawaida vinapolala.

Kuiimarisha seli yenyewe

Njia nyingine ni kuifanya seli ivumilie. Platini huchanganywa na rutheni, madini yanayovuta oksijeni ya maji na kuisogeza karibu na monoksidi ili iungue na kuondoka. Mwaka 1988, watafiti wa maabara ya Los Alamos, Marekani, walionyesha kwamba hewa kidogo ikichanganywa na hidrojeni inayoingia, seli hupona ikiwa kazini. Tena ziko seli za joto la digrii 160 na zaidi. Kwenye joto hilo monoksidi haishiki sana, na seli huvumilia hata asilimia moja. Ila huchukua muda mrefu kupata moto, kwa hiyo hazifai gari la kuwasha na kuzima mara kwa mara.

Kongo ina njia mbili

Kwa Wakongomani jambo hili haliko mbali. Nchi ina njia mbili za kupata hidrojeni, na kila moja ina hadithi yake.

Njia ya kwanza ni Inga. Umeme wa mto unaweza kugawanya maji kuwa hidrojeni na oksijeni. Maji hayana kaboni, kwa hiyo monoksidi haina pa kuanzia. Njia ya pili ni Ziwa Kivu, lenye methani inayokadiriwa kufikia mita za ujazo bilioni 60, mali ya Kongo na Rwanda. Upande wa Rwanda gesi hiyo tayari inazalisha umeme. Anayetaka kuigeuza kuwa hidrojeni ya magari atalazimika kujenga ngazi yote ya usafishaji, na kulipa gharama yake.

Kwa hiyo mradi wowote wa hidrojeni ukitangazwa, swali la kwanza lisiwe ni megawati ngapi. Iulizwe hidrojeni hiyo inatoka wapi, na nani ataipima kabla haijaingia kwenye seli. Kukinga ni rahisi kuliko kuponya. Mama anayetoa mbabula nje kabla ya kulala anajua hilo tangu zamani.