Kufunga na Ini Lenye Mafuta

Yasemwa sana siku hizi miongoni mwa wafanyakazi kwamba kujizuia kula kwa saa kadhaa kila siku ni dawa ya ini lenye mafuta. Neno hili lina ukweli ndani yake, lakini limetiwa chumvi, nasi twaona ni wajibu wetu kulichambua.

Ini huhesabiwa kuwa na maradhi haya mafuta yake yanapozidi 5 kwa mia. Si walevi peke yao wapatwao. Hata asiyeonja pombe huugua, kwa kuwa sukari na wanga vikizidi mahitaji ya mwili, ini huvigeuza kuwa mafuta na kuyalimbikiza. Mara nyingi mgonjwa hasikii maumivu. Miaka hupita, makovu yakaingia, na wengine huishia kwenye saratani.

Mtu anapofunga, akiba ya sukari iliyomo katika ini hupungua na mwili huanza kuchoma mafuta. Hilo hatulikatai. Lakini mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Guangzhou, China, kwa wagonjwa 88 kwa muda wa mwaka mmoja. Wote walipunguziwa chakula kwa kipimo kimoja. Ila kundi moja lilikula baina ya saa 2 asubuhi na saa 10 alasiri tu, na la pili lilikula kwa nyakati zake za kawaida. Mafuta ya ini yalipungua katika makundi yote mawili, karibu sawasawa. Basi kilicholeta nafuu ni kupungua kwa chakula chenyewe, wala si saa.

Hapa ndipo tunapowageukia ndugu zetu wa viwanda vya Kipawa. Mfanyakazi ashindaye na chai ya rangi, kisha usiku akakabili mlima wa wali na soda mbili, hakufunga, ameahirisha tu. Chupa moja ya mililita 350 huwa na sukari ya karibu vijiko 9 vya chai! Hata mwezi wa Ramadhani, futari ya kalimati, tambi na mihogo ya nazi yaweza kumrudishia mtu uzito wote alioupunguza mchana. (Juu ya ibada hatusemi neno, ibada ina nia yake.)

Mwenye kisukari atumiaye insulini au vidonge vya kushusha sukari asianze kufunga kabla ya kumwona daktari, maana aweza kuzimia mbele ya mashine. Waja wazito nao wasijaribu. Wengine na waanze kwa kupunguza sahani ya usiku na kuiacha soda dukani. Uzito ukishuka 7 hadi 10 kwa mia, mafuta ya ini hupungua sana.