Mvuke wa Thina na Ubongo wa Fundi Rangi

Viyeyushi, yaani vimiminika vinavyotumika kuzimulia rangi na gundi au kuondolea grisi, kama vile thina na petroli, huyeyusha mafuta kwa wepesi, na sifa hiyohiyo inayovifanya vifae kazini ndiyo inayomdhuru anayevitumia, kwa kuwa ubongo na neva vimejengwa kwa sehemu kubwa na mafuta. Mvuke anaouvuta fundi wa kupuliza rangi za magari hupita mapafuni, ukaingia katika damu na kufika kwenye ubongo kwa muda mfupi.

Kizunguzungu na maumivu ya kichwa ya siku moja huisha mtu akipata hewa safi, na nafuu hiyo ndiyo inayowahadaa wengi. Kuanzia miaka ya 1970, watafiti wa Denmark, Sweden na Finland walieleza hali ya wapaka rangi waliokuwa wamefanya kazi kwa miaka mingi, ambao walisahau mambo, walishindwa kutuliza fikra na walikasirika upesi, mabadiliko ambayo aghalabu mke au watoto huyaona kabla ya mgonjwa mwenyewe, na ambayo kwa bahati mbaya hudhaniwa kuwa ni uzee au ulevi. Ubongo ukishafikia hatua hiyo, kuacha kazi huzuia hali isizidi, lakini si rahisi kurejesha kilichopotea.

Heksani, iliyomo katika baadhi ya gundi za viatu, hugeuzwa na ini kuwa sumu inayoharibu neva ndefu, ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni mwa miguu, kama ilivyowapata washona ndala wa Japani katika miaka ya 1960. Benzini, ambayo imo ndani ya petroli, hushambulia uboho unaotengeneza damu na husababisha saratani ya damu. Kwa hiyo desturi ya kunawa mikono kwa petroli jioni, iliyozoeleka mno katika gereji zetu, haina budi kukomeshwa.

Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi, haizuii mvuke; kinachohitajika ni barakoa yenye kichujio cha mkaa maalumu, kinachobadilishwa kwa wakati, pamoja na mahali pa kazi panapopitisha hewa, na gharama hiyo ni wajibu wa mwajiri. Naye fundi anayeanza kusahau au kufa ganzi amtajie daktari kazi yake na miaka aliyoifanya, hata asipoulizwa.