Uniti Tano Zinazokugharimu Sh200

Ujumbe wa tokeni ukiingia kwa simu, wengi wetu huangalia kitu kimoja tu: zile namba 20 za kubonyeza kwa mita. Stima ikirudi, basi, ujumbe umesahaulika. Lakini hapo hapo pameandikwa umepata uniti ngapi. Hebu fungua simu sasa hivi, tafuta jumbe zote za tokeni za miezi mitatu iliyopita, jumlisha uniti, kisha ugawanye kwa tatu.

Hiyo namba ndiyo inaamua unauziwa stima kwa bei gani. Kenya Power huwagawa wateja wa nyumbani katika makundi matatu: wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, wanaozidi 30 lakini hawapiti 100, na wale wa zaidi ya 100. Bei zilizoanza Aprili 2023 zilikuwa Sh12.22, Sh16.30 na Sh20.97 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo nyingine. Kundi lako linatokana na wastani wa miezi mitatu. Kwa hivyo ile stori ya kukimbia kununua tokeni tarehe moja ndio upate nyingi, achana nayo.

Sasa tupige hesabu kwa bei hizo. Nyumba ya uniti 34 inalipa kama Sh554. Ikishuka hadi 29, inalipa kama Sh354. Umepunguza uniti tano tu lakini umeokoa Sh200, kwa sababu bei imeshuka kwa uniti zote. Na hiyo ni kila mwezi, mradi wastani wako ubaki chini ya 30.

Utazitoa wapi hizo tano? Tunapenda kugombeza watoto juu ya taa, lakini balbu ya LED ya wati 9 huwaka zaidi ya masaa 100 ndio imalize uniti moja. Koili ya wati 1,500 inamaliza uniti hiyo kwa dakika 40. Kesi iko jikoni.

Mshtakiwa wa kwanza ni githeri. Mahindi na maharagwe makavu juu ya koili inayowaka mfululizo kwa masaa mawili ni uniti tatu zimeenda, na bado hujakaanga kitunguu. Loweka usiku kucha, umwage yale maji, uanze na maji mapya. Muda wa kupika unapungua sana. Presha kuka ya stima inasaidia hata zaidi: inafungia mvuke ndani, joto linapita nyuzi 100, na ikishafika presha inajizima na kujiwasha yenyewe. Chakula kigumu kama hicho kwa kawaida hakifikishi uniti moja. Lakini tuseme ukweli, si ya bei rahisi. Kama nyinyi hupika maharagwe mara moja kwa mwezi, hiyo pesa iwekeze kwingine.

Kuna njia ya bei ya chini ambayo vikundi vya akina mama wamekuwa wakiitengeneza miaka mingi: kikapu kilichojazwa blanketi kuukuu au sponji. Chemsha githeri iliyolowekwa kwa nguvu nusu saa, funika sufuria, itie ndani ya kikapu na uifunge vizuri. Inaendelea kuiva bila moto. Ukiitoa, ichemshe tena kabla ya kupakua.

Birika la stima nalo: kuchemsha lita moja ni karibu sehemu moja ya kumi ya uniti. Ni kidogo, lakini ukilijaza kwa sababu ya kikombe kimoja mara nne kwa siku, mwisho wa mwezi utajua. Chemsha mara moja asubuhi, weka kwa thamosi.

Wa gesi, moto ukipanda kando ya sufuria unapasha hewa. Ukiwa wa manjano, bana ya jiko inataka kusafishwa. Na mfuniko, jamani, ni wa bure.

Mwisho ni friji. Ukiwa bado na noti ya karatasi kwa nyumba, ifungie mlangoni nusu ndani, nusu nje, kisha uivute. Ikitoka bila kukwama, ule mpira wa mlango umechoka na baridi inatoroka usiku na mchana. Ufute kwanza kwa maji ya sabuni na ujaribu tena. Bado? Tafuta mpira mpya, lakini piga picha ile namba ya modeli kabla hujaenda dukani.