Maoni ya Wamiliki wa Sabufa: Namna ya Kuyapima Kabla ya Kununua

Mpunga ukishavunwa na malipo ya kakao yakishapokelewa, familia nyingi wilayani Kyela hupata nafasi ya kununua vitu vilivyoahirishwa kwa miezi kadhaa. Miongoni mwa vitu hivyo ni seti ya sauti ya nyumbani, ambayo wengine huiita hom thieta na wengi zaidi huiita sabufa. Kwa familia moja, seti hiyo ni burudani ya sebuleni. Kwa mwingine anayeonyesha mpira na filamu katika kibanda cha Ipinda au Matema, ni chombo cha kazi: ikizima, mapato ya siku yamepotea.

Kabla ya kununua, mlaji mwangalifu humtafuta mtu aliyekwisha kuimiliki seti kama hiyo na kumwomba maoni yake. Tunaiunga mkono desturi hiyo. Hata hivyo, maoni ya wamiliki hayana uzito sawa, na wapo walaji waliopoteza fedha kwa kusikiliza maoni ya kweli ambayo hayakujibu swali lao. Katika makala haya tunaeleza namna ya kuyapima maoni hayo, hasa kwa kifaa cha bei nafuu na kwa mazingira ya ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa.

Kifaa tunachokizungumzia

Kiini cha seti yoyote ya namna hii ni kikuza sauti, ambacho mafundi hukiita amplifaya. Kifaa hicho hupokea sauti kutoka kwenye runinga, king'amuzi, simu au flashi, huikuza, kisha huigawa kwa spika. Katika seti za gharama kubwa, amplifaya hukaa peke yake katika kasha la chuma na spika hununuliwa mbali. Katika seti za bei nafuu, amplifaya hufichwa ndani ya kasha la spika ya besi, na spika ndogo mbili, tatu au tano huunganishwa nyuma yake.

Mpangilio huo hupunguza bei, lakini una gharama yake. Amplifaya iliyofungiwa ndani ya kasha la besi hutikiswa muda wote muziki unapopigwa, na joto lake hutoka kwa shida. Ndiyo sababu sabufa mbili zinazotoa sauti inayofanana siku ya kwanza zinaweza kutofautiana sana baada ya mwaka mmoja.

Wati za kwenye boksi

Mnunuzi hukutana kwanza na namba iliyochapishwa kwenye boksi. Si ajabu kukuta seti ndogo imeandikwa wati 12,000, na pembeni yake herufi PMPO. Herufi hizo hurejelea nguvu ya kilele, yaani nguvu inayodaiwa kutokea kwa muda mfupi mno katika hali ambayo mtengenezaji ameichagua mwenyewe. Hakuna kanuni moja inayokubalika ya kuikokotoa namba hiyo. Kwa hiyo, haifai kulinganishia seti moja na nyingine.

Mlaji anaweza kuipima mwenyewe kwa hesabu nyepesi. Umeme wetu wa nyumbani ni wa volti 230, na plagi ya kawaida ya pini tatu bapa imetengenezwa kwa ampea 13. Ukizidisha, utapata wati 3,000 hivi. Kifaa kinachotoa wati 12,000 mfululizo kingehitaji zaidi ya ampea 50, na kingemaliza uniti 12 za LUKU kwa saa moja. Kila mwenye sabufa anajua kwamba jambo hilo halitokei nyumbani kwake.

Namba yenye manufaa zaidi huwa nyuma ya kifaa, kwenye kibandiko kidogo kinachoonyesha volti na matumizi ya umeme. Seti iliyotangazwa kwa maelfu ya wati inaweza kuandikwa hapo wati 60 tu. Namba hiyo si kipimo kamili cha sauti, lakini hudokeza ukubwa halisi wa kifaa, kwa sababu hakuna kifaa kinachoweza kutoa mfululizo nguvu kubwa kuliko ile kinachopokea. Ukikuta herufi RMS, hiyo ndiyo nguvu ya mfululizo, nayo ndiyo ya kulinganishia. Nchini Marekani, tangu mwaka 1974 ipo kanuni inayowataka wauzaji wa amplifaya za nyumbani kutangaza nguvu ya mfululizo, na kanuni hiyo iliimarishwa mwaka 2024.

Ni vema pia kufahamu kwamba kuongeza wati mara mbili hakuongezi ukubwa wa sauti mara mbili. Sikio husikia tofauti ndogo tu. Ili sauti isikike kuwa imekuwa maradufu, kwa wastani huhitajika nguvu mara kumi. Kwa sababu hiyo, mmiliki akikwambia, "Hii ni kubwa, ina wati nyingi," atakuwa anarudia maneno ya boksi. Mwombe akueleze alichokisikia na alichokiona yeye mwenyewe.

Mmiliki anajua nini, na hajui nini

Maoni ya mmiliki hutegemea muda aliokaa na kifaa. Mwenye wiki moja anaweza kukueleza habari za sauti: kama besi inakwaruza ikiongezwa, kama maneno ya taarifa ya habari yanasikika vizuri, kama bluetooth inakatika. Hawezi kukueleza habari za uimara. Mwenye mwaka mmoja au zaidi anajua mengine: kama vitufe bado vinafanya kazi, kama rimoti iliyopotea ilipata mbadala, kama amplifaya imewahi kufunguliwa na fundi.

Yapo pia maoni ambayo hutayasikia kabisa. Sabufa iliyoungua miaka miwili iliyopita haiko tena sebuleni. Imeuzwa kama chuma chakavu, au imetolewa vipuri. Ukienda nyumba kwa nyumba ukiuliza, utakutana zaidi na zile zilizosalimika, na utadhani aina hiyo haiharibiki. Fundi redio naye ana upungufu wa upande wa pili: huletewa zilizoharibika tu, na anaweza kuisema vibaya aina inayouzwa kwa wingi kwa sababu anaiona mara nyingi mezani pake. Muuzaji, kwa upande wake, anajua kipi kinatoka haraka dukani. Tunakushauri uwasikilize wote watatu. Jambo ambalo mmiliki wa muda mrefu na fundi wanakubaliana lina uzito mkubwa.

Mwisho, jiulize msemaji anafaidika na nini. Mtu anayesifia sabufa katika kundi la simu huku akitoa namba ya kuagizia hatoi maoni ya mmiliki, anauza. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sifa ambazo hazina kasoro hata moja zichukuliwe kwa tahadhari, kwa kuwa hakuna kifaa cha bei nafuu kisichokuwa na upungufu wake.

Mtihani wa Kyela

Maoni mazuri kutoka mji mkavu hayatoshi kwa mnunuzi wa Kyela. Tambarare ya Kyela ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na hewa yake ina joto na unyevu. Makasha mengi ya sabufa za bei nafuu hutengenezwa kwa unga wa mbao ulioshindiliwa. Yakipata unyevu huvimba, viungo huachia, na besi huanza kutetema. Spika za karatasi hulegea, na vichwa vya waya huota kutu. Wadudu nao hupenda joto la transfoma, na huingia kupitia matundu ya hewa.

Hatari nyingine ni umeme wenyewe. Radi za masika, kukatika kwa umeme na kurudi kwake kwa ghafla huunguza vifaa vingi. Mmiliki akisema, "Iliungua umeme uliporudi," usiihukumu aina hiyo kwa tukio hilo moja. Muulize kama ilikuwa imechomekwa kwenye kilinda umeme, na kama jirani mwenye aina nyingine alipata hasara kama hiyo siku ileile.

Walio jirani na mpaka wa Kasumulu, na wote wanaonunua mitumba, wasome kibandiko cha nyuma kwa makini zaidi. Amplifaya iliyotumika Japani hutengenezwa kwa volti 100, na ya Marekani kwa volti 120. Ikichomekwa moja kwa moja kwenye volti 230 huweza kuungua papo hapo, hata kama mmiliki wa kwanza aliisifu kwa haki.

Maswali ya kumuuliza mmiliki

1. Umekaa nayo muda gani, na imepita masika mangapi?
2. Unaitumia wapi: sebuleni kwa saa chache, au kibandani mchana kutwa?
3. Inatumia umeme wa TANESCO au wa sola, na ina kilinda umeme?
4. Sauti ikifika robo tatu, inabaki safi au inakwaruza?
5. Imewahi kuharibika? Nani aliitengeneza, na kipuri kilipatikana Kyela, Mbeya au Dar es Salaam?
6. Muuzaji alitimiza dhamana aliyoahidi?
7. Kama ungeanza upya leo, ungenunua hiyohiyo?

Swali la saba mara nyingi huleta jibu la kweli kuliko mengine yote, kwa sababu si rahisi kwa mtu kukiri kwamba alikosea, lakini ni rahisi kueleza angefanya nini safari nyingine.

Unapofika dukani

Nenda na flashi yenye wimbo unaoufahamu vizuri na sauti ya mtu anayezungumza. Omba kifaa kipigwe kwa robo tatu ya sauti kwa dakika kumi, kisha kiguse nyuma na unuse kama kuna harufu ya kuungua. Baada ya hapo zima muziki na usikilize ukimya: mvumo mzito unaoendelea ni dalili ya kasoro, ama ya kifaa ama ya nyaya za jengo, na ni vema kikajaribiwa kwenye soketi nyingine. Hakikisha kwamba kifaa unachokabidhiwa ndicho kilichojaribiwa, si kingine kilichofungwa ndani ya boksi.

Dai risiti ya EFD iliyoandikwa jina na aina ya kifaa. Dhamana iandikwe, ikitaja muda wake, mahali pa kupeleka kifaa, na mambo yasiyohusika. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha baadaye.

Haki zako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa, yakiwemo ya ubora na uwezo wake. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa nayo inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Maandishi yasemayo "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" hayampi muuzaji ruhusa ya kukukabidhi kitu tofauti na alichokueleza.

Ukipata tatizo, acha kukitumia kifaa, usimpe fundi wa mtaani akifungue, na urudi dukani mapema ukiwa na risiti, boksi na dhamana. Msipoelewana, andika malalamiko yako kwa ufupi na kuyapeleka Tume ya Ushindani, ambayo pia hushughulikia bidhaa bandia. Masuala ya ubora na usalama wa kifaa yapelekwe Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lenye ofisi ya kanda jijini Mbeya.

Usiitupe risiti, na usilitupe boksi. Namba ya wati iliyochapishwa juu yake, ambayo haikufaa kukuongoza katika kununua, inaweza kuwa ushahidi wako utakapolalamika. Nawe ukishamiliki sabufa yako, jirani akija kukuuliza, mweleze umekaa nayo muda gani, imepita masika mangapi, na ina kasoro gani.