Si Kila Homa ni Malaria: Kutambua Matumizi ya Dawa za Kulevya kwa Vijana

Mama mmoja alimleta kliniki mwanawe mwenye umri wa miaka 16. Katika miezi mitatu kijana huyo alikuwa amepewa dawa za malaria mara nne, ingawa vipimo havikuonyesha vimelea. Kila mara aliumwa viungo na tumbo, akaharisha na kutokwa kamasi, kisha akapata nafuu. "Daktari, hii ni malaria sugu," mama alisema.

Nilipomtazama, kijana alikuwa akipiga miayo mfululizo, machozi yakimtoka, vinyweleo vimemsimama na mboni za macho zimetanuka. Nilimwomba mama atupishe. Baada ya kimya kirefu kijana alieleza kwamba alianza na kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na heroini, akidhani ni bangi tupu. Alichokuwa nacho ni arosto: mwili kudai dawa uliyoizoea. Hali hiyo huanza kati ya saa 8 na 24 baada ya kutumia heroini, na hutulia mara mtumiaji anapoipata tena. Nafuu ambayo mama aliidhania ya vidonge ilitokana na kete.

Anapokuwa amelewa heroini, kijana husinzia, hujikuna, na mboni zake husinyaa kama ncha ya sindano. Bangi huleta macho mekundu, usahaulifu na njaa ya ghafla. Mirungi huondoa usingizi na hamu ya chakula. Gundi huacha harufu kali na vipele kuzunguka mdomo.

Hata hivyo, dalili moja si ushahidi. Ujana wenyewe huja na hasira na upweke. Kinachopaswa kututia shaka ni mabadiliko kadhaa yanayokuja pamoja: maendeleo ya shule kushuka, marafiki wa zamani kuachwa, fedha na vyombo kupotea nyumbani, usafi kupuuzwa.

Mzazi, usimpige wala usimfukuze. Atakwenda kwa wale wanaompa. Mweleze ulichokiona, msikilize, kisha mpeleke hospitali. Mhudumu wa afya, zungumza na kijana faraghani, na umweleze mapema kwamba siri yake utaitunza isipokuwa maisha yakiwa hatarini. Ukimkuta hazinduki, anapumua kwa shida na midomo imebadilika rangi, hiyo ni dharura: mlaze ubavu, usimwache peke yake, na afikishwe haraka panapopatikana naloksoni.

Tiba ipo. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na huduma hiyo imeenea katika mikoa mingine. Kwa kijana mdogo, mtaalamu ndiye atakayeamua tiba inayomfaa, ikiambatana na ushauri nasaha na msaada wa familia.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Safari hii aliyeficha maradhi hakuwa kijana peke yake. Sisi tuliomwandikia dawa mara nne bila kumtazama machoni tulimsaidia kuyaficha.