Mgomo wa Waandishi wa Filamu wa Hollywood na Suala la Umiliki wa Mswada

Neno "mwandishi" katika Kiswahili lina maana mbili zilizo jirani: mtunzi abuniye kazi na kuitia jina lake, na karani aandikaye kwa niaba ya mwingine. Aghalabu muktadha hutosha kuzitenga. Katika tasnia ya filamu ya Marekani, hata hivyo, mpaka baina ya mtunzi na karani ni suala la sheria na la riziki, na kutokana nalo imezuka migomo kadhaa. Makala haya yanakusudia kueleza chanzo cha migomo hiyo na matokeo yake.

Mtunzi wa riwaya kwa kawaida hubaki na haki miliki ya kazi yake. Mchapishaji hupewa idhini tu ya kuichapa. Mwandishi wa Hollywood huandika kwa kuajiriwa, na sheria ya Marekani humhesabu mwajiri kuwa ndiye mtunzi. Kampuni yaweza kuubadili mswada au kumkabidhi mwandishi mwingine bila kumwuliza aliyeubuni. Ili kufidia upungufu huo, waandishi walianzisha chama mwaka 1933, nacho kikaundwa upya pamoja na wenzao wa redio na televisheni mwaka 1954. Kwa njia ya mikataba, chama kilijipatia mambo mawili makuu: mamlaka ya kuamua jina la nani litajwe katika filamu, na malipo ya marudio, yaani fedha anazolipwa mwandishi kila kazi yake inapotumiwa tena. Malipo hayo ndiyo humlisha mwandishi katika miezi asiyokuwa na kazi, nayo ni mingi.

Tatizo ni kwamba kila chombo kipya cha kusambazia filamu kimevuruga mapatano yaliyotangulia. Mwaka 1960 waandishi waligoma kwa sababu filamu za sinema zilikuwa zikiuzwa kwa televisheni. Walipata malipo kwa filamu za baadaye, pamoja na mchango wa pensheni na matibabu, lakini zile za zamani waliziacha. Kanda za video zilipoenea, kampuni zilidai kuwa gharama yake ni kubwa, na mgomo wa mwaka 1985 ukavunjika baada ya majuma mawili. Hesabu iliyokubaliwa ilimpa mwandishi asilimia 1.5 ya sehemu moja tu ya tano ya mapato. Yaani katika kila dola 1,000 za mwanzo, alipata dola 3. DVD zilipokuja, nazo zikiwa rahisi kutengenezwa, hesabu ilikuwa ile ile. Funzo hilo halikusahauliwa. Katika mgomo wa siku 100, uliokwisha Februari 2008, waandishi walishikilia kuwa intaneti isiachwe nje ya mkataba.

Mgomo wa mwaka 2023 ulidumu siku 148, tangu tarehe 2 Mei hadi 27 Septemba, nao ulihusu waandishi wapatao 11,500. Huduma za filamu za intaneti zilikuwa zimefupisha tamthilia kutoka sehemu 22 kwa msimu hadi 8 au 10, na malipo ya marudio hayakufuata tena idadi ya watazamaji. Hofu nyingine ilikuwa akili bandia. Mkataba mpya uliweka nyongeza kwa kazi iliyotazamwa na angalau asilimia 20 ya wateja wa ndani katika siku 90 za mwanzo, ukaweka idadi ya chini ya waandishi katika tamthilia, na ukatamka kuwa maandishi ya mashine hayahesabiwi kuwa kazi ya kifasihi. Kwa hiyo mwandishi anayepewa maandishi hayo ayarekebishe hapunguziwi malipo wala heshima ya jina.

Ushindi huo ulikuwa na gharama. Maseremala, madereva, mafundi wa taa na washonaji wa mavazi walikosa kazi kwa miezi, hasa waigizaji nao walipogoma kuanzia Julai, ingawa wao hawakuwa na kura katika uamuzi huo. Tena, baada ya mgomo, kampuni zilipunguza idadi ya tamthilia, na waandishi wengi walikuta masharti yameboreka ilhali kazi zenyewe zimeadimika. Mkataba waweza kuweka bei ya neno, lakini hauwezi kumlazimisha mnunuzi alinunue.

Kwa wanaoshughulikia lugha, kipengele cha akili bandia ndicho chenye uzito zaidi. Migomo ya awali iligombea fungu la mtunzi katika mapato. Ule wa mwaka 2023 uligombea pia nani astahili kuitwa mtunzi. Jibu lilipatikana kwa mapatano baina ya wafanyakazi na waajiri, tena kwa muda wa miaka mitatu tu. Maana ya neno "mwandishi", ambayo kamusi huieleza kana kwamba imekwisha kutulia, ilihitaji siku 148 za njaa ili itulie kwa kitambo.