Samaki ya moshi iliyolala kwenye frigo: namna ya kuipika ikifika Lubondja

Asubuhi kule Baraka samaki inatoka kwenye frigo, ngumu sawa jiwe. Ilichomwa tangu juzi, ikakaushwa kwa moshi kidogo, kisha ikalazwa kwenye barafu juu soko lilikuwa limejaa. Mchuuzi anaifunga ndani ya mfuko, anaikaza kwenye pikipiki, na safari ya kupanda Lubondja inaanza. Jioni mama anafungua mfuko: barafu haiko tena. Kuna maji ya rangi ya chai, na samaki imelegea. Apike ao atupe? Kutupa kunauma, sababu pesa imekwisha kutoka. Kupika bila kuangalia kunaweza kulaza nyumba nzima.

Samaki za namna hii zinaonekana zaidi wakati ziwa limefungwa. Mwaka 2024 inchi yetu, Tanzania, Burundi na Zambia zilifunga uvuvi kwenye Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki zipate kuzaa na kukomaa. Katika miezi kama hiyo mwenye frigo anaweka akiba mapema, na sisi wengine tunakula kile alichoweka: mukeke, sangala, kuhe, kambale.

Kabla ya kufika kwenye sufuria, tusafishe wazo moja ambalo liko katika vichwa vya wengi. Watu wanasema: «Ilikuwa kwenye barafu, haina mikrobe.» Hapana. Barafu haiui vijidudu, inavilaza tu. Samaki ikipata joto tena, vinaamka na kuendelea na kazi yao. Hata kijidudu cha kolera, ambacho wakaaji wa Baraka, Uvira na Kalemie wanakijua vizuri kuliko wangependa, kinaweza kuvumilia baridi ya frigo. Kinachokiua ni moto wa kutosha. Na kama barafu yenyewe ilitengenezwa kwa maji ya ziwa yasiyochemshwa, basi samaki ilioshwa kwa maji hayo pia, hata kama ilikuwa imechomwa vizuri.

Moshi nao una ujanja wake. Samaki mbichi ikioza, pua inakuambia kutoka mbali. Samaki ya moshi inaficha. Kwa hiyo usinuse ngozi, nusa tumbo. Fungua pale karibu na mfupa wa mgongo, fasi ambapo moshi haukuingia sana. Kama nyama inateleza kwa vidole, ao inatoa harufu ya uchachu, ao inaachana na mfupa yenyewe bila kupikwa, usiipike. Ukiwa Baraka na unanunua ingali kwenye barafu, angalia chini ya mfuko. Barafu iliyoganda pale chini kama kipande cha kioo, na samaki iliyopinda kwa umbo la kitu kilichoikandamiza, vinaonyesha kwamba frigo ilizimika, samaki ikayeyuka, kisha ikagandishwa mara ya pili. Muuzaji hatakuambia. Pengine naye hajui, sababu mafuta ya jenereta yalikwisha usiku.

Kuna hatari moja ambayo moto hauitoi. Samaki za bahari zinazofika kwenye katoni, zile za jamii ya vibua, na pia samaki ndogo za jamii ya sardini, zikikaa kwenye joto mbele ya kugandishwa zinatengeneza sumu inayoitwa histamini. Unaweza kuchemsha hata saa mbili, sumu inabaki. Mtu akila, mara nyingi kabla ya saa moja kupita uso unakuwa mwekundu ao unawaka, mdomo unachoma, kichwa kinauma, moyo unapiga mbio. Wengine wanafikiri wamerogwa. Apelekwe kituo cha afya, na aseme kule kwamba alikula samaki.

Sasa tupike. Samaki ikifika ingali na barafu, usiiweke karibu na mbabula ili iyeyuke haraka, na usiiache juani. Nje inapata moto wakati ndani ingali jiwe, na pale nje ndipo vijidudu vinafurahi. Ifunge vizuri ndani ya mfuko usiotoboka, itumbukize kwenye ndoo ya maji ya baridi, badilisha maji kila nusu saa. Ikiwa imefika imekwisha kuyeyuka lakini ingali baridi mkononi, ipike palepale, usingoje kesho. Ikiwa imefika ya vuguvugu na barabara ilichukua muda mrefu, hapo ni hasara, na ni bora hasara ya samaki.

Hapa niruhusiwe kwenda mbali kidogo. Kule Japani wanapenda sana samaki mrefu kama nyoka, ambaye Waswahili wa pwani wanamwita mkunga (ndiyo, jina lilelile la mama anayezalisha). Wanampasua, wanamchoma kwenye makala, wanampaka mchuzi mtamu wa soya na sukari, kisha anauzwa amegandishwa, tayari kwa kula. Damu yake mbichi ina sumu ambayo moto unaiharibu, ndiyo maana hawamli bila kumpika. Lakini kilichonivuta ni namna wapishi wa kule wanavyomrudishia uhai nyumbani. Hawamrudishi moja kwa moja kwenye moto. Wanamwosha kwa maji ya moto kuondoa mchuzi wa zamani, wanamfunika ili mvuke umlainishe, halafu mwishoni moto kidogo kwa ajili ya ngozi. Mvuke kwanza, moto baadaye.

Namna hiyo inafaa kabisa kwa kambale yetu ya moshi, ambayo nayo ni ndefu, ya mafuta, na haina magamba. Samaki iliyokwisha kuchomwa ukiirudisha kwenye makala inakauka kama ngozi ya kiatu, na ndani inabaki baridi. Chukua sufuria pana. Weka chini vipande vya mti wa mgomba ao majani yake yaliyokunjwa, mimina maji kiasi cha vidole viwili, yachemke. Wakati huo osha samaki kwa maji ya moto yenye chumvi kidogo, toa majivu na vumbi la njia, toa mashavu ya ndani ya kichwa. Ilaze juu ya majani bila kugusa maji, funika na jani lingine, kisha kifuniko. Dakika 15 kwa kipande cha kawaida, zaidi kama ni nene. Usihesabu dakika tu: ingiza ncha ya kisu mpaka katikati, iache kidogo, kisha gusa ile ncha. Kama haichomi kidole, bado.

Ikishatoka kwenye mvuke, ipake mafuta ya mawese yaliyochanganywa na chumvi, ndimu na pilipili iliyopondwa, iweke kwenye mbabula upande wa ngozi, dakika tatu ama ine. Ngozi inalia, mafuta yanadondoka, watoto wanakuja wenyewe bila kuitwa.

Wengine hawataki ya kuchoma, wanataka mchuzi. Sawa. Kaanga kitunguu na tomati mpaka vilainike, ongeza maji, yakichemka ndipo uingize samaki, na kuanzia hapo kijiko kisiingie tena. Tikisa sufuria kwa masikio yake. Samaki ya frigo nyama yake imechoka, ukiikoroga unapata uji wenye mifupa. Iache ichemke robo saa moto wa kiasi. Na kama unaitia kwenye sombe, onja kwanza kabla ya chumvi, sababu nyingine zilitiwa chumvi nyingi kule Baraka kabla ya moshi.

Kwenye sahani, bugali ya muhogo inaenda na zote mbili. Wajapani wanaweka yao juu ya wali, na wali na ile ya kuchomwa na ndimu ni chakula cha kumpa mgeni bila haya. Lakini ukiwa na mgeni, uliza mbele. Wasabato wengi hawali kambale, sababu Mambo ya Walawi sura ya 11 inakataza samaki isiyo na mapezi na magamba, na si heshima kumweka mtu mzima katika shida ya kukataa chakula mbele ya watoto. Mukeke ina magamba, haina maneno. Ila kwa watoto wadogo kambale ni rahisi zaidi, mifupa yake midogo si mingi. Mukeke uichambue kwa vidole vyako mwenyewe, si kwa kijiko.

Kinachobaki usiku ndicho kinachotusumbua hapa Lubondja, ambapo sola ya nyumba nyingi inawasha taa na kujaza simu, haiwezi kuvuta frigo. Usirudishe samaki iliyoyeyuka kwenye frigo ya jirani ili igande tena. Nunua kipande cha siku moja, hata kama kizima kina bei nzuri. Na kama kimebaki, kigawe usiku uleule kwa nyumba ya pembeni kingali moto. Aliyechelewa kurudi kutoka shambani umwekee sehemu yake ndani ya mchuzi, na akifika mchuzi uchemke tena mpaka utoe povu katikati, si pembeni tu. Asubuhi kile ambacho hakikuchemshwa tena, hata paka asipewe.